Njia Nzuri za Nasir

Ukifika Kitale ukauliza dereva anayejua njia za milimani, utaelekezwa kwa ndugu yangu Nasir, na aliyekuelekeza hatakuwa amekudanganya. Njia anazijua. Asiowajua ni watu wanaoishi kando ya njia hizo, na hilo nalisema mchana kweupe mimi dada yake, Khairunisa, niliyemfulia nepi.

Kazi yake ni kuwapeleka wageni kutoka mbuga moja ya mlimani hadi nyingine. Wametoka Mlima Elgon wanataka Aberdare, au wametoka Mlima Kenya wanataka Elgon, na hapo katikati hawaitaki barabara kuu yenye malori ya mafuta; wanataka njia ya kufurahisha macho. Nasir ndiye anayewachagulia. Ukimsikia anavyolitamka neno mandhari utadhani amelizaa yeye. Huketi nao mezani hotelini, akatandaza ramani iliyochakaa kwenye mikunjo, akavaa miwani ambayo macho yake hayaihitaji, kisha akaanza: hapa kuna bonde, hapa kuna maporomoko, hapa asubuhi ukungu unakaa chini ya miguu yako. Wageni wanameza kila neno. Siku moja nilikaa pembeni nikamsikiliza mpaka chai yangu ikapoa, na nilichokuwa nikiwaza ni kwamba mtu huyu hajawahi kumwambia mwanamke yeyote wa nyumbani kwake sentensi tamu kama zile.

Haki yake nitampa, maana sitaki mtu aseme nina wivu. Kuna jambo moja Nasir analifanya ambalo sijaona dereva mwingine akilifanya. Asubuhi ya safari, kabla hajawachukua wageni, huenda sokoni mahali malori ya kutoka milimani yanaposhusha vitunguu na kabichi. Huchuchumaa kando ya magurudumu, akabandua matope kwa kidole, akayasugua, akayanusa, akaangalia yamepanda hadi wapi. Mekundu yanayonata yametoka upande wa Kaptama. Meusi yenye changarawe yametoka upande wa Kapcherop. Yakiwa mabichi na yamefika juu ya ringi, njia hiyo siku hiyo haipitiki; yakiwa yamekauka na kuwa unga, twende. Hasikilizi redio wala hatazami simu. Huwaambia wenzake kwamba mtu anaweza kukudanganya kuhusu barabara lakini gurudumu haliwezi, nao humpigia simu kabla ya kupanda mlima wowote. Miaka kumi na miwili hajakwama hata mara moja. Huo ni ustadi, nami niliuheshimu, ndiyo maana alichokuja kuufanyia kimenikaa kooni mpaka leo.

Jambo lake la pili ni maneno matupu. Yeye husema mlima hautazamwi ukiwa juu yake, unatazamwa kutoka ng'ambo. Ukiwa juu ya Elgon, anasema, huoni Elgon. Unaona mawe, matope na akina mama wanaokusimamisha wakitaka lifti. Lakini nenda ng'ambo ya Trans-Nzoia, panda Cherangani, zunguka kona fulani juu ya Kapcherop, kisha geuka nyuma. Hapo ndipo utauona mzima, wa buluu, umelala kimya. Basi kila mgeni anayetoka Elgon ni lazima apelekwe Cherangani. Ukimwuliza kwa nini asipite upande wa pili, ashuke Kamukuywa, apande Kaptama, azunguke Kapsokwony, ateremke Kimilili mpaka Misikhu, anakunja uso na kusema upande ule hauna mandhari.

Wageni wanaandika kwenye madaftari yao: upande ule hauna mandhari. Wamelipa kusikia hayo.

Mimi sababu ninaijua, na ina jina. Inaitwa Cheptoo.

Tumezaliwa Bungoma mjini, nyumba ya tatu kutoka msikitini, watoto wawili tu wa fundi cherehani. Baba alitaka Nasir ashike mkasi. Mkasi ulimchosha ndani ya wiki mbili. Akaenda Misikhu kupakia mahindi, mahindi nayo yakamchosha. Akawa utingo, akawa dereva, na mwishowe akapewa lori la kukusanya maziwa huko juu Kaptama. Huko ndiko alikomkuta Cheptoo, binti wa wakulima wa vitunguu, akisubiri barabarani na mtungi wake kila asubuhi. Watu wao ni Wakristo, sisi ni Waislamu. Wao walinuna, sisi tukanuna, na aliyepanda mlima na sufuria ya pilau kichwani kwenda kupatanisha ni mimi. Cheptoo alisilimu kwa hiari yake, akaolewa, na mtoto alipozaliwa nikamchagulia jina mwenyewe: Sabiha.

Mtoto alikuwa na miezi minane mvua ya masika ilipokata barabara na lori la Nasir likakwama Kaptama siku tisa. Siku tisa tu. Siku tisa za kuamka nyumbani kwake, kuchota maji, kukata kuni, kumbeba mtoto anayekohoa, kula na mama mkwe. Siku ya kumi barabara ikafunguliwa, akateremka na lori, akaliacha hapa Bungoma kwa mwenyewe, akapanda gari la Kitale. Hakurudi. Alisema barabara ni mbaya. Kiangazi kilipokuja na barabara ikakauka, alisema itanyesha tena.

Kule Kitale alioa mwanamke mwingine, mpole, ambaye sina neno naye. Akapata kazi kwa watu wa kutembeza wageni, mwishowe akapata Land Cruiser lake mwenyewe. Alipeleka chochote kwa Cheptoo? Alipeleka salamu. Cheptoo alilima vitunguu, akamlea mtoto, akabaki katika dini aliyoifuata kwa ajili ya mtu aliyemkimbia. Wengi walimwambia arudi kwao kanisani, naye akawajibu kwamba hakusilimu kwa ajili ya lori.

Mimi nami si msafi, na heri niseme. Sabiha alipofika umri wa sekondari mama yake alimleta kwangu Bungoma, nami nikamlea. Kila likizo aliniuliza baba yake atakuja lini, na kila likizo nilimjibu maneno yaleyale ya mdomo wa Nasir: barabara ni mbaya, mwanangu. Nilimwonea haya mtoto nikaisingizia barabara. Kisha serikali ikaja na matingatinga, njia ya Kaptama ikachongwa upya, madaraja yakajengwa, sehemu nyingine ikawekwa lami. Sabiha alitoka kumtembelea mama yake akaingia dukani kwangu akitabasamu. "Shangazi," aliniambia, "sasa barabara ni nzuri." Nilijifanya natafuta uzi chini ya meza.

Mwaka huu akachumbiwa na Yakub, kijana wa hapa mjini anayeuza vifaa vya ujenzi, mnyamavu, anayejua kusalimia. Nilifurahi. Kisha Sheikh Hamid, imamu wetu, akaniita na kuniuliza walii ni nani. Kwetu binti haozeshwi hivihivi. Anaozeshwa na walii, na walii wa kwanza ni baba. Baba asipokuwepo ni babu, au kaka, au ami. Baba yetu alishakufa, Sabiha hana kaka, na Nasir hana ndugu wa kiume. Mimi shangazi niliyelipa, niliyepika, niliyekesha, ni mwanamke, siwezi. Njia zote zinarudi kwa Nasir.

Sheikh akasema kama baba ana shughuli, ampe yeye Sheikh uwakala wa kuozesha kwa maneno yake mwenyewe, yatosha. Nilimpigia Nasir nikamwambia hivyo. Akawa mkali. Aliniuliza kwani yeye ni maiti mpaka binti yake aozeshwe na mtu baki. Atakuja mwenyewe, atakaa mbele ya watu, atatamka mwenyewe. Nilimwambia Sabiha, na furaha iliyojaa usoni mwa msichana yule ndiyo iliyonitia hofu. Hakuwa anataka kingine katika harusi ile, si nguo wala keki. Alitaka kusikia sauti ya baba yake ikimtaja kwa jina mbele ya watu.

Kwa kuwa namjua, Ijumaa nilifunga duka nikaenda Kitale kumchukua mwenyewe. Nilimkuta na safari. Wasichana wawili wa Nairobi, Sandra na Bilan, walikuwa wametoka kupanda Elgon kwa upande wa Endebess na walitaka kupelekwa Aberdare kwa siku mbili, wakilala Eldoret. Jioni hiyo niliketi nao mezani hotelini. Sandra alikuwa na programu kwenye simu inayohesabu sehemu za kupendeza kila njia, sijui nani alizihesabu na kwa vidole gani. Njia ya Cherangani ilikuwa na kumi na moja. Ya Kaptama ilikuwa na nne. Nasir akanitazama kwa ushindi kana kwamba mlima umempigia kura.

Nikawaambia wasichana ukweli. Kesho baada ya sala ya adhuhuri binti ya dereva wenu anaolewa Bungoma na yeye ndiye wa kumwozesha. Tukipita Kamukuywa tupande Kaptama, tumchukue mama wa bibi harusi, tuzunguke Kapsokwony na Kimilili, tutakuwa Bungoma kabla ya saa sita, mtakula pilau, na jioni mtalala Eldoret kama mlivyopanga. Bilan, ambaye ni Mwislamu na hakuhitaji kuelezwa walii ni nini, alikubali kabla sijamaliza. Sandra aliuliza kama kutakuwa na ngoma. Nilimwambia zitakuwepo. Nasir akaikunja ramani polepole, akasema sawa, na usiku ule mke wake akampigia pasi kanzu mpya nyeupe.

Saa moja asubuhi tuliondoka. Kanzu ilining'inia kwenye ndoano dirishani ndani ya plastiki. Nasir alikuwa amechangamka kupita kiasi. Aliwaonyesha wasichana mashamba ya mahindi ya Kiminini kana kwamba hawajawahi kuona mahindi. Nilimpigia Cheptoo nikamwambia tuko njiani. Akasema yuko tayari, ameshatoka barabarani. Nikamwambia ni mapema mno, akae nyumbani. Akanijibu kwamba atasubiri tu palepale, kwa nguo zake, maana akirudi ndani ataanza kazi na kujichafua.

Tukafika kona ya Kamukuywa. Lori la vitunguu lilikuwa limesimama kando, limetoka juu, na dereva wake, kijana aitwaye Kipkosgei, alikuwa ameegemea mlango akitafuna mahindi ya kuchoma. Nasir akapunguza mwendo. Akasimama. Akashuka.

Hakuwa na haja ya kushuka. Njia ile hata mimi ningeisoma nikiwa ndani ya gari, kavu, nyeupe kwa vumbi. Lakini alikwenda akachuchumaa kando ya gurudumu la nyuma kama anavyofanya siku zote, akaweka kidole, akasugua, akanusa. Alikaa pale muda mrefu. Aliporudi dirishani hakunitazama mimi, aliwatazama wasichana.

"Mabichi," alisema. "Huko juu njia imekatika. Tukipanda hapa tutalala njiani. Turudi Kitale tupite Cherangani, ndiyo njia ya uhakika."

Nilishuka. Nilikwenda kwenye gurudumu lilelile nikaweka kidole mahali palepale alipokuwa ameweka chake. Udongo ulimwagika kama unga, ukaniingia kwenye pindo la dera langu jipya. Nilimwuliza Kipkosgei kuhusu njia. Alitutazama wote wawili, mzee wa watu na mama wa watu waliochuchumalia gari lake, akaona aibu kwa niaba yetu.

"Iko sawa, mama," alisema. "Hii wiki yote mvua haijanyesha. Ni vumbi tu inatumaliza."

Bilan alikuwa ameshateremsha kioo na amesikia yote. Alizungumza kwa adabu ambayo Nasir hakustahili.

"Mzee, sisi hatuna haraka. Twende tu. Hata tukikwama tutasukuma."

Basi hakubakiwa na kisingizio. Wageni wamekubali, barabara imekubali, gurudumu limesema. Nasir alisimama pale akijipangusa mkono kwenye suruali, na vumbi likabaki kwenye suruali. Akaniita kando, nyuma ya lori. Kwa mara ya kwanza tangu nilipofika Kitale aliongea bila sauti yake ya wageni.

"Dada, nitamwambia nini Cheptoo?"

Nilimwambia asimwambie kitu. Akae tu kwenye usukani, mwanamke atapanda mwenyewe, amezoea kupanda magari bila kusaidiwa. Akatikisa kichwa. Akasema yeye aliondoka kijana, na sasa amezeeka, na mtoto hamjui hata kwa sura, na watu wa Kaptama watatoka barabarani kumtazama. Akasema hawezi. Nilitaka kumhurumia, wallahi nilijaribu, lakini nilimkumbuka Cheptoo amesimama barabarani kwa nguo zake, huruma ikaniishia kabla haijamfikia yeye. Nilimdharau ndugu yangu pale nyuma ya lori la vitunguu kwa dharau ambayo sikujua kwamba ninayo. Angekuwa mlevi ningemwelewa. Angekuwa mkatili ningempiga. Mwoga anayejiita bingwa wa njia, huyo umfanyie nini?

Nilichofanya ni kumpigia Sheikh Hamid. Nilimwambia walii amekwama lakini yuko hapa kwenye simu, na nikamwekea Nasir simu sikioni. Akakohoa. Kisha sauti yake nzuri ikarudi, ileile ya mabonde na maporomoko.

"Sheikh, mimi Nasir, nimekuwakilisha umwozeshe binti yangu Sabiha kwa..."

Akanitazama. Hakujua jina la mkwe wake.

"Yakub," nilimnong'oneza.

"Kwa Yakub," alisema.

Ikaisha hivyo. Ilichukua muda mfupi kuliko aliochukua kunusa gurudumu. Alinirudishia simu, akafungua buti akanitolea mkoba wangu, akaniambia niwasalimie. Bilan alitaka kushuka aje nami. Nilimkataza, safari yao ni ya mbali. Lakini alihama kiti cha mbele akaenda nyuma, akafunga kioo, na gari lilipogeuka kurudi Kitale nilimwona Nasir ameketi peke yake mbele, na kanzu nyeupe inayumba dirishani.

Nilichukua pikipiki mpaka Kaptama. Cheptoo alikuwa amekaa kwenye kigoda kando ya lami, leso mbili mpya, kibuyu cha maziwa ya mursik kimefunikwa kwa kitambaa cheupe miguuni pake. Aliiona pikipiki ikija, akaniona mimi peke yangu nyuma ya dereva, na hakuinuka.

"Amesema barabara ni mbaya?" aliuliza.

Nikasema ndiyo, amesema hivyo.

"Haya, wifi," alisema, akainuka na kujikung'uta vumbi. "Tutafute gari."

Jirani yake mmoja, Mzee Kiptum, alituteremsha kwa Probox yake. Na sasa nitasema kitu ambacho sikukitarajia. Maisha yangu yote nimepita njia ile nikihesabu mifuko na kuchunga mtoto. Siku ile nilikaa tu, nimechoka kwa hasira, nikatazama nje. Kuna mahali, ukitoka Kapsokwony, mlima unakaa begani kwako, juu wingu limekata msitu katikati, na chini yako mashamba ya Bungoma yote yametandazwa mpaka macho yashindwe, na moshi wa mamia ya majiko unapanda. Watoto wanapunga mkono. Akina mama wanasimamisha gari wakitaka lifti, tukambeba mmoja na kuku wake. Nilifikiria ile programu ya Sandra na sehemu zake nne za kupendeza, nikacheka peke yangu, Cheptoo akaniuliza nacheka nini. Nilimwambia nacheka wataalamu.

Bungoma tulifika sala imeshakwisha. Wanaume walikuwa msikitini, sisi wanawake nyumbani kwangu na kipaza sauti dirishani. Sabiha alikuwa ameketi juu ya jamvi na hina mikononi. Alimwona mama yake akiingia, akaniona mimi nikiingia, kisha akaendelea kuutazama mlango. Sikuwa nimemwambia kwenye simu. Sikuwa na ubavu huo. Niliketi kando yake nikamwambia sasa, sikioni. Hakulia. Aliuliza kitu kimoja tu, kama alisema mwenyewe au aliandikiwa. Nikamwambia alisema mwenyewe, alitaja jina lako. La Yakub sikuligusa, na sitaligusa maadamu ningali hai.

Sauti ya Sheikh Hamid ikasikika kwenye kipaza sauti, ikimwozesha kwa uwakilishi wa baba yake mzazi Nasir. Yakub akaitikia. Vigelegele vikapigwa, na Cheptoo akapiga cha kwao cha mlimani kinachokata masikio, mpaka watu wa barabarani wakasimama. Pilau likagawiwa. Mambo yakaenda.

Alasiri simu yangu ikalia. Nasir alikuwa ametuma picha kwa WhatsApp. Ameipiga kwenye ile kona yake juu ya Kapcherop: bonde lote la Trans-Nzoia, na huko ng'ambo Mlima Elgon, wa buluu, mzima, umelala kimya. Picha nzuri, siwezi kukataa. Chini ameandika kwamba anawaombea maharusi baraka, na kwamba leo mlima umependeza sana.

Nilitaka kuifuta. Sabiha alikuwa ameshaiona begani kwangu. Akaichukua simu kwa vidole vyenye hina, akaikuza picha, akaikuza tena mpaka ikawa madoa tu ya buluu.

"Shangazi, hapa Kaptama ni wapi?"

Nilimwonyesha, hapo katikati, kwa kukisia. Bungoma je? Nikasema Bungoma iko chini, kusini mwa mlima, kwenye picha haimo. Alitafuta kwa muda, kama mtu anayetafuta sindano zuliani. Kisha akairudisha picha ilivyokuwa, mlima mzima.

"Kumbe tukiwa mbali tunapendeza," alisema.

Akanirudishia simu, akainuka na kwenda kumsaidia mama yake kufungua kibuyu.